Fundi anataka kuukata mkwaju, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi kaka, pole na majukumu. Mimi na mume wangu tumepata kiwanja huku Iyumbu, Dodoma, 20 kwa 30, na ndani kuna mkwaju mkubwa sana ambao hata wenyeji wanasema wazee wao waliukuta. Sasa fundi anasema lazima ukatwe kabla ya kuchimba msingi maana mizizi itapasua nyumba, kona ya chumba iko kama mita 4 toka kwenye shina. Roho inaniuma jamani, na jua la huku unalijua. Tukate tupande mwingine au kuna njia?
Mama Wawili, Iyumbu

JIBU: Mama Wawili, umefanya la maana kuuliza kabla shoka halijaingia. Msikate. Ila mjue kuacha kuukata peke yake haitoshi, miti mingi mikubwa kwenye saiti inauliwa na vitu vinavyofanyika pale chini, na inaweza kuchukua hata miaka kadhaa ndo inakauka, wakati huo fundi keshalipwa yuko Nala huko anajenga kwingine.

Watu wanadhani mizizi imezama chini tu kama shina lilivyopanda juu. Mkwaju kweli una mzizi mkuu unaoshuka sana, lakini ile mizizi midogo inayonyonya maji na chakula mingi iko juu juu, ndani ya sentimita 60 za kwanza, na inatambaa hata kupita mwisho wa matawi. Lori la mchanga likipita hapo mara kadhaa udongo unashindiliwa, hewa haipiti, maji hayaingii.

Fanyeni hivi leo leo. Chukua kamba, zungusha shina usawa wa kifua, kata kamba pale inapokutana. Halafu kutoka kwenye shina pima urefu wa hiyo kamba mara nne kwenda nje, pigilia vigingi, zunguka mti wote. Shina la mzunguko wa mita 1.9 linakupa kama mita 7 na nusu kila upande. Waingereza kwenye BS 5837, mwongozo wao wa kulinda miti kwenye ujenzi, wanatumia kipenyo cha shina mara 12, ukipiga hesabu inakuja karibu hapo hapo. Huo mduara uzungushieni fensi ya miti na seng'enge kabla tripu ya kwanza ya kokoto haijamwagwa, na ndani yake pasiingie kitu: si tofali, si kifusi cha msingi, si maji ya kuoshea koleo maana maji ya saruji yanaharibu udongo, na mafundi wasipikie ugali shinani, moto unaunguza gome na hilo nimeliona saiti nyingi mno!

Kona yenu ya mita 4 inaingia ndani ya mduara, kwa hiyo rudini kwenye ramani. Igeuzeni nyumba ili baraza ndo liangalie mkwaju, shimo la choo na mabomba yaende upande wa pili, kisha mpeleke ramani mpya jiji kwa ajili ya kibali. Kama kona haihamishiki kabisa, muulizeni injinia habari ya nguzo chache na bimu juu ya ardhi badala ya mtaro mrefu wa msingi, mashimo ya nguzo yachimbwe kwa mkono, na mkikutana na mzizi mnene mhamishe shimo.

Kuhusu nyufa, fundi hajakosea kila kitu ila sababu kaikosa. Mzizi kwa kawaida hausukumi msingi mzuri ukapasuka. Shida ni udongo wa mfinyanzi, ule mweusi unaofanya nyufa kiangazi, unavimba mvua za Desemba mpaka Aprili halafu unasinyaa, na mti ukinyonya maji unasinyaa zaidi. Tena kwenye udongo huo mkikata mti mkubwa maji yanarudi ardhini, unavimba, nyumba inaweza kuinuka! Kwa hiyo chimbeni shimo la kupima muone udongo gani, hilo fanyeni iwe mti upo au haupo.

Kupanda mwingine pandeni tu, ila mkwaju wa mbegu unaweza kupita miaka 7 ndo uanze kuzaa, kivuli kama hicho watakaa wajukuu. Huu wa sasa kiangazi cha ujenzi umwagilieni taratibu kule mwisho wa matawi, mtandaze majani makavu juu ya udongo yasiguse shina. Matawi yatakayogusa paa yakatwe kwa msumeno, sio panga.