Picha za mabua ya ngano: anza na uelekeo wa nyuzi, rangi itafuata

Anayeanza kutengeneza picha za mabua ya ngano, yaani picha zinazoundwa kwa kubandika vipande vya mabua hayo, huwa na haraka ya rangi. Anataka kujua wekundu unatiwaje, kijani kinapatikana wapi. Asubiri kwanza. Kazi za mafundi wa Pujiang mkoani Zhejiang na Chaozhou mkoani Guangdong, sanaa iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika wa Uchina, hung'aa kwa sababu ya ngozi ya bua lenyewe. Mwanga huteleza kufuata nyuzi zake. Kipande kilichobandikwa wima na kilichobandikwa ulalo, hata vikitoka bua moja, huonekana kama rangi mbili.

Kwa hiyo chagua bua kwa makini. Tumia pingili ya juu kabisa, ile inayobeba suke: ndiyo ndefu kuliko zote na haina kifundo katikati. Sehemu yake ya chini, iliyokuwa imefumbatwa na ala ya jani, hubaki nyeupe na laini. Iliyopigwa na jua huwa ya dhahabu. Zitenge, hizo ni rangi mbili za bure. Mabua yavunwe kwa mundu, maana kombaini, mashine ya kuvunia, huyaponda, na ufa wa bua hauzibwi na pasi. Yakinyeshewa yakiwa shambani hutoka madoa ya ukungu; hayo usiyahangaikie, yatupe.

Loweka pingili katika maji ya moto kwa dakika 20 hadi 30, mpaka zikunjike bila kulia. Ukizisahau siku nzima zitaanza kuoza na kupoteza mng'ao. Kisha chomeka ncha ya wembe upande mmoja na uvute mara moja hadi mwisho. Fungua bua kwa kidole gumba, lilaze juu ya kioo, upande unaong'aa ukiwa chini, ulipare ndani kwa mgongo wa kisu.

Hapo kwenye kupara ndipo wengi huharibu. Ndani mna utando mweupe kama sponji. Ukiubakiza, gundi itashika utando badala ya ngozi, na baada ya wiki chache ngozi itabanduka yenyewe. Ukipara kwa nguvu, utepe utachanika kufuata nyuzi. Uinue utepe dirishani ukiweka kidole nyuma yake: kivuli cha kidole kikionekana sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, inatosha.

Piga pasi ya joto la kadiri upande wa ndani, utepe ukiwa na unyevu kidogo tu. Ukiwa umelowa, hujikunja. Ukiwa mkavu kabisa, hupasuka. Utapata utepe wa upana wa milimita 8 hivi, yaani karatasi ya sentimeta 20 inahitaji tepe 25. Zibandike bega kwa bega juu ya karatasi nyembamba kwa gundi nyeupe iliyopakwa kidogo sana. Gundi nyingi huikunja karatasi, na hujipenyeza katika maungio ikaacha mistari isiyoshika joto sawasawa wakati wa kuunguza.

Chukua mkia wa jogoo kama zoezi. Kila unyoya ukate kutoka karatasi hiyo ya tepe ukiwa nusu mbili, si kipande kimoja. Nusu ya kushoto nyuzi zake zielekee juu kushoto, ya kulia zielekee juu kulia, zikikutana kwenye uti. Picha ikigeuzwa kidogo, nusu moja hung'aa na nyingine hufifia, na unyoya huinuka hata bila rangi yoyote. Nyuzi za nusu zote mbili zikielekea upande mmoja, mkia mzima hulala kama kitambaa.

Vivuli huletwa na moto. Gusa ukingo wa kipande kwa chuma cha moto, kisha kitelezeshe kuelekea katikati ukipunguza mkandamizo, upate kahawia inayoyeyuka hadi dhahabu. Jaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa; chuma kikiacha alama papo hapo ni cha moto mno. Ondoa mkono kabla rangi haijafika unakotaka, maana bua huendelea kuiva kidogo.

Kupanga ni kama kuezeka makuti: anza chini. Manyoya ya mkia kwanza, kisha mgongo, mabawa, shingo, na kichwa mwisho, kila safu ikifunika shina la safu iliyotangulia. Jicho ni kipande kidogo sana, lishike kwa kibano na gundi ya ncha ya sindano. Kitambaa cheusi ndicho bora kwa usuli, ila gundi ikidondoka juu yake haifutiki. Ipake kwenye kipande, kamwe si kwenye kitambaa. Funika kwa karatasi safi na kioo kizito usiku kucha, kisha fremu ifungwe nyuma pande zote, kwani unyevu na wadudu hupitia huko.