Mlonge na kitunguu saumu kwa kuku wa nyama

SWALI: Nina kuku wa nyama 200, wana siku 18. Tangu juzi wanaharisha; kinyesi ni chepesi, kina rangi ya chungwa, na chembe za mahindi zinaonekana humo. Jirani anasema niachane na dawa za dukani, niwape maji ya kitunguu saumu na unga wa mlonge. Vitatosha? Kiasi gani?
Mfugaji, Kibaha

JIBU: Kwa sasa havitatosha. Kinyesi cha rangi hiyo, katika umri huo, hutufanya tushuku koksidia hata kabla damu haijaonekana. Vijidudu vyake huchubua ukuta wa utumbo, ndiyo maana chakula kinapita kizima. Mpelekee daktari wa mifugo kinyesi kibichi au kuku aliyekufa leo. Akithibitisha, tibu kwa dawa atakayokuandikia, mara nyingi amprolium ya kwenye maji, kwa kipimo cha lebo.

Leo hii chota maranda chini ya vyombo vya maji, uyafumbate. Ukifungua kiganja yakabaki bonge, yamelowa mno. Mayai ya koksidia hukomaa humo kwa siku moja au mbili. Yatoe, weka makavu, na inua vyombo vilingane na mgongo wa kuku.

Mimea ni ya kuku asiyeumwa, kuanzia wiki ya pili. Majani ya mlonge yaanike kivulini, yatandazwe, hadi yavunjike ukiyafikicha (ya kulundikwa huota ukungu, na sumu yake huharibu ini). Saga, chekecha. Kilo 1 kwa kilo 49 za chakula inatosha: uchanganye kwanza na kilo 5, ndipo umwagie chakula kilichobaki, la sivyo unga utakaa upande mmoja. Usivuke kilo 2 na nusu kwa mfuko wa kilo 50. Nyuzinyuzi na tanini (kemikali chungu za majani) zikizidi, kuku hushiba bila kukua.

Kitunguu saumu tunakipendelea kikiwa unga, gramu 250 kwa mfuko huohuo. Ukikitia kwenye maji, kiponde, subiri dakika 10, chuja kwa kitambaa, usichemshe; jioni mwaga yaliyobaki. Makapi huziba nipo (chuchu za kunyweshea maji), na harufu ikizidi kuku hunywa kidogo, kisha hula kidogo.

Chanjo ya kideri ya siku ya 21 nayo isisahaulike: siku hiyo na ya kabla yake, maji yawe matupu, bila kitunguu saumu. Ila kundi linaloharisha halichanjwi. Daktari akupangie siku nyingine.