Marathoni ya New York: madaraja ndiyo yanayoamua

Dada yangu, umesema umepata nafasi ya marathoni ya New York kwa bahati nasibu, na kwamba marathoni zako zote za nyuma zilikuwa za tambarare. Unataka kujua mambo mawili: kama unaweza kwenda pale kuvunja muda wako bora, na kama ni kweli watazamaji wanambeba mtu hadi mwisho. Mbio hizo nimezikimbia na ninazipenda sana, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa urefu.

Muda bora utafute kwingine. Oktoba 2023 Kelvin Kiptum alikimbia Chicago, njia tambarare, kwa saa 2:00:35. Mwezi uliofuata Tamirat Tola alivunja rekodi ya njia ya New York kwa 2:04:58. Hao ni watu wa daraja la juu kabisa, vuli ile ile, na tofauti ni zaidi ya dakika nne. Ni kweli kwamba New York haiwapi wanaowania ushindi wachochea kasi, yaani wakimbiaji wa kuwatangulia na kuwawekea mwendo, lakini sababu kubwa ni ardhi yenyewe. Sisi wa kawaida tofauti yetu huwa kubwa zaidi, maana tunakaa barabarani muda mrefu.

Na watazamaji? Wanakubeba, naam. Ila kuna sehemu hawapo, na mbio zako zitaamuliwa hapo. Sehemu hizo ni madaraja.

Mbio hizi hazikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1970 zilizunguka ndani ya Central Park tu, wakaanza watu 127 na wakamaliza 55. Mwaka 1976 ndipo zilipotolewa bustanini na kupitishwa katika wilaya zote tano za jiji: Staten Island, Brooklyn, Queens, Manhattan, Bronx, kisha Manhattan tena. Kila unapohama wilaya unavuka maji. Kwa hiyo kuna madaraja matano: Verrazzano-Narrows, Pulaski, Queensboro, Willis Avenue na Madison Avenue, na yote unayapanda kabla ya kuyashuka.

Kabla ya daraja la kwanza kuna asubuhi, na asubuhi ya New York ni mtihani ambao wengi hawajausomea. Mbio huwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, usiku ambao Marekani inarudisha saa nyuma kwa saa moja, kwa hiyo unapata usingizi wa ziada. Utauhitaji. Utaamka gizani, upande basi kutoka katikati ya Manhattan au kivuko kutoka kusini mwake, na ukishuka kivukoni kuna basi jingine hadi Fort Wadsworth, mahali pa kuanzia huko Staten Island. Unapita ukaguzi wa usalama, halafu unasubiri. Watu huondoka kwa mawimbi kuanzia kama saa tatu asubuhi, na wimbi la mwisho hutoka karibu na saa tano na nusu. Muda wa saa mbili au tatu unakaa nje, kwenye nyasi zenye umande, na upepo wa baharini hauna huruma.

Nakusihi usiende pale na nguo za kukimbilia tu. Vaa sweta nene na suruali ambazo hutazihitaji tena, kofia, glovu, na ubebe kipande cha nailoni cha kukalia. Soksi na raba za kukimbilia zihifadhi zikiwa kavu hadi dakika za mwisho. Wenye uzoefu huja na viatu vichakavu, wakavibadilisha hapo hapo. Nguo mnazovua kabla ya kuanza hukusanywa na kupelekwa kwa wahitaji, kwa hiyo usione vibaya kuziacha. Na chakula: kifungua kinywa ulichokula alfajiri kitakuwa kimeshatumika unapofika zamu yako. Beba kitu cha pili ulichokizoea, ukile kama saa moja na nusu kabla ya wimbi lako. Nimeona wakimbiaji wenye mazoezi mazuri kabisa wakianza wakiwa na njaa na wakitetemeka, na mwili unaotetemeka unachoma akiba yake kabla bunduki haijalia. Pale hasa ni mzinga, siyo bunduki, na ukilia utausikia hadi kifuani.

Mzinga ukishalia mnaanza kupanda Verrazzano mara moja. Kilele cha njia nzima kiko hapo, mwishoni mwa maili ya kwanza. Mwili umepoa, moyo unadunda kwa furaha, helikopta ziko juu, kushoto unaona majengo ya Manhattan kwa mbali. Mwinuko wala hutausikia kwenye miguu, na hatari yake iko hapo. Mimi naitazama saa kwa ajili ya kujizuia tu: kilomita hizo za kupanda naziacha ziwe polepole kwa sekunde 20 au hata 30 kuliko mwendo niliopanga, na watu wanipite watakavyo. Ukipangiwa sitaha ya chini ya daraja, jua kwamba saa ya setilaiti itachanganyikiwa. Sikiliza pumzi yako. Ukifika kileleni utapewa mteremko wa maili nzima. Usiukimbize. Kinachoumiza misuli ya mbele ya mapaja kwenye mbio hizi ni kushuka, na maumivu hayo hayaji saa hiyo. Yanakuja kilomita 35.

Brooklyn ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Fourth Avenue imenyooka kwa kilomita nyingi, bendi zinapiga, watoto wanyoosha mikono mpigane viganja. Furahi, ila kimbia katikati ya barabara mara nyingi, maana pembeni kila mtu anachangamshwa na kelele na kasi inapanda bila kujijua. Baadaye Bedford Avenue inapita mtaa wa Wayahudi wa Kihasidi huko Williamsburg, na ghafla kimya: watu wanaendelea na shughuli zao, mama anasubiri kuvuka na kigari cha mtoto. Mimi hupatumia kujikagua. Mabega yamepanda? Nimekunywa? Vituo vya maji viko karibu kila maili kuanzia mwanzo mwanzo wa njia, kwa hiyo hakuna haja ya kunywa kikombe kizima kila kituo. Kunywa kwa kiu. Maji kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hilo limewalaza watu kuliko wanavyodhani.

Jambo dogo hapa: vibao vikubwa vya barabarani ni vya maili, na vya kilomita viko kila baada ya kilomita tano. Kama akili yako inahesabu kwa kilomita, andika nyakati zako za maili kwenye karatasi ndogo uifunge mkononi.

Pulaski ni daraja fupi na liko katikati kabisa ya mbio. Queens inapita haraka. Kisha linakuja Queensboro, karibu kilomita ya 25, na hapa ndipo ningependa unisikilize kwa makini.

Mnaingizwa sitaha ya chini. Juu yenu ni chuma na magari, pembeni ni chuma, na mtazamaji haruhusiwi. Baada ya kelele za saa mbili na zaidi, unasikia viatu tu. Viatu na pumzi. Kupanda kwake ni kurefu, na kwa kuwa huoni kilele, watu wanaanza kutembea mmoja mmoja. Nakumbuka bwana mmoja aliyekuwa mbele yangu, fulana yake imeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino mnene. Brooklyn nzima waliliita jina lile naye akawa anajibu kila mmoja kwa mkono. Pale darajani hakuna aliyemwita. Aliinamisha kichwa, akapunguza, akasimama, akaegemea ukingo. Nilimgusa bega nikamwambia kilele kiko karibu, na alianza tena, taratibu. Ushauri wangu: lifikie daraja hili ukiwa bado una uwezo wa kuzungumza sentensi nzima, fupisha hatua, macho yawe mita kumi mbele, na jeli yako, ile sukari laini ya pakiti ya kuongeza nguvu, uwe umeshaimeza kabla hujaingia.

Ukishuka unakata kona ya kushoto na sauti ya First Avenue inakupiga usoni. Kama umetoka mgodini. Watu wamejaa safu kwa safu, na mwili uliokuwa umekufa dakika tano zilizopita unataka kuruka. Jiulize basi: hizo nguvu zimetoka wapi? Hazijatoka popote. Ni msisimko, na una kilomita 16 mbele. Barabara inaonekana imenyooka na bapa, kumbe inapanda na kushuka kwa karibu kilomita tano na nusu, na kadiri unavyokwenda kaskazini umati unapungua. Waliokimbia kwa kelele wanaanza kulipa kabla hata ya kufika daraja linalofuata.

Na daraja linalofuata, Willis Avenue, liko kilomita ya 32. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini huwatosha wengi wetu hadi kilomita 30 hivi. Ukiisha, nguvu zinakatika ghafla, na hali hiyo wakimbiaji tunaiita ukuta. Kwenye njia ya tambarare ukuta ukikukuta unaweza kuburuza miguu. New York ukuta na daraja vinakuja pamoja. Ndiyo maana nasema kula mapema na mara kwa mara, kila dakika 30 hadi 40 kuanzia mwanzo, hata kama hujisikii. Bronx ni kama maili moja tu, na wakazi wake wachache wanaojitokeza wana moyo wa pekee. Nilipewa pale karatasi laini ya kujifutia na mama mtu mzima ambaye alishika boksi zima, akimpa kila anayepita, bila kupiga kelele yoyote. Sijui kama alijua tulivyoihitaji.

Madison Avenue linakurudisha Manhattan, unapita Harlem, unazunguka bustani ya Marcus Garvey, na unadhani madaraja yameisha kwa hiyo shida imeisha. Bado Fifth Avenue. Kutoka mtaa wa 110 hadi wa 90 barabara inapanda kidogo kidogo kwa karibu maili moja, kilomita ya 36 hadi 38, mwinuko ambao siku nyingine ungeutembea ukiongea na simu. Mwaka mmoja nilikuwa nyuma ya mkimbiaji asiyeona na mwelekezi wake, wameshikana kwa kamba fupi. Mwelekezi alikuwa anamsimulia njia: shimo kushoto, vikombe vya maji chini, bado taa tatu tuingie bustanini. Niliwafuata kwa makusudi, nikawa nasikiliza masimulizi yale na mimi, na mlima uliisha. New York ina historia ndefu na wakimbiaji wenye ulemavu: Dick Traum aliimaliza kwa mguu wa bandia mwaka 1976, na mwaka 1983 alianzisha klabu inayowapatia wakimbiaji kama hao waelekezi.

Central Park ina vilima vifupi, mwishowe unatoka nje kidogo kupitia Central Park South hadi Columbus Circle, unaingia tena na kumalizia kwa kupanda. Usidharau mita hizo. Mwaka 1994 Germán Silva alikata kona isiyo yake karibu kabisa na mwisho, akageuka, akamfukuza mwenzake Benjamín Paredes na kushinda kwa sekunde mbili. Mwaka huo huo Tegla Loroupe alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda pale. Mwaka 2005 Paul Tergat na Hendrick Ramaala walikimbizana hadi kwenye utepe, na Tergat akashinda kwa sekunde moja. Ukiwa pale na miguu mizito, kukumbuka kwamba Juma Ikangaa alipita barabara hiyo hiyo mwaka 1989 kwa 2:08:01, rekodi ya njia iliyodumu hadi 2001, kunatia nguvu. Angalau mimi kulinitia.

Kuhusu mazoezi, badilisha kitu kimoja tu kwenye mpango wako wa kawaida: mbio ndefu za wiki zimalizie mlimani. Theluthi ya mwisho iwe kupanda na kushuka, miguu ikiwa tayari imechoka. Kama eneo lako ni bapa, tafuta daraja la magari au ngazi. Na kushuka ufanyie mazoezi kama unavyofanyia kupanda, hatua fupi, bila kujirudisha nyuma.

Lengo lako nalo lipange hivi: chukua muda wako wa tambarare, ongeza dakika tano hadi kumi, na ugawe kwa juhudi, siyo kwa kasi sawa kila kilomita. Ukifika Bronx ukiwa bado unaweza kuwapita watu, umekimbia vizuri sana.

Mwisho, familia yako. Baada ya kuvuka mstari utatembezwa polepole ndani ya bustani, medali shingoni, umefunikwa, na huenda ikachukua nusu saa au zaidi kabla hujafika barabarani. Simu zinasumbua kwa wingi wa watu. Kubalianeni kona ya mtaa maalumu, mbali kidogo na bustani, na mtu aje na nguo kavu na viatu vya wazi. Ngazi za treni ya chini ya ardhi zishuke kinyumenyume, ukishika chuma.