Usipunguze upepo tairi likiwa la moto

Ndugu, umeuliza kama upunguze upepo wa matairi msimu huu wa joto kali, kwa kuwa geji yako huonyesha kiwango kikubwa kila unapomaliza safari. Nakusihi usifanye hivyo. Hewa iliyo ndani hutanuka kadiri inavyopata joto, na msukumo wake hupanda takribani psi 1 (psi ni kipimo cha upepo kinachoonyeshwa na geji) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na watengenezaji wa gari wamekwisha kulizingatia hilo katika kiwango walichokiandika kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kiwango hicho ni cha tairi lililopoa, yaani gari likiwa limesimama kwa saa 3 au zaidi, na wala si ile namba ya juu kabisa iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ambayo wengi huifuata kimakosa.

Hatari kubwa ya joto huja upepo ukiwa pungufu. Tairi hulala, ubavu wake hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, na msuguano huo wa ndani huzalisha joto linalodhoofisha mpira na nyuzi zake mpaka lipasuke ghafla likiwa kwenye mwendo. Ukizidisha na mzigo, hali huwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo pima alfajiri, kabla ya kuondoka, na usilisahau tairi la akiba. Ukiona uvimbe ubavuni, hata mdogo kama punje ya mahindi, libadilishe tairi hilo kabla ya safari, kwani halizibiki.