Bakteria "husababisha" saratani ya ini? Anza na kitenzi

Swali: Ninahariri makala ya afya yenye sentensi hii: "Bakteria zilizomo ndani ya tishu za maini husababisha saratani ya maini." Mwenzangu anasema iwe "bakteria waliomo". Nani yuko sahihi? Na niandike ini au maini?

Jibu: Upatanisho wa "bakteria" ni jambo dogo kuliko yote katika sentensi hiyo. Matumizi yote mawili yanachapishwa. Napendelea "bakteria hawa", kwa kuwa ni viumbe hai, lakini ukichagua "hizi" endelea nayo hadi mwisho wa makala. "Kirusi" na "virusi" hufuata ki-/vi-, na usiyachanganye na bakteria: homa ya ini B na C huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haziviui.

Ini la mtu ni moja, kwa hiyo andika "saratani ya ini". "Maini" yabaki kwa maini ya watu wengi, au kwa nyama.

Penye uzito ni "husababisha". Kiambishi hu- hueleza jambo la kawaida, la siku zote, kama katika "jua huchomoza mashariki". Ukisema virusi vya homa ya ini B husababisha saratani ya ini, au sumukuvu ya aflatoksini huisababisha, umesema kweli. Si kila aliyeambukizwa huugua saratani, lakini uhusiano wa chanzo na matokeo umethibitishwa. Bakteria waliomo kwenye tishu za ini hawajafikia hapo. Kinachoripotiwa zaidi ni kwamba DNA yao imeonekana kwenye vipande vya uvimbe, na inawezekana waliingia baadaye, ini likiwa limekwisha kuharibika na kinga yake kudhoofika. Hapo kitenzi cha haki ni "wanahusishwa na". "Huchangia" kinahitaji ushahidi zaidi: ukiwaondoa bakteria, ugonjwa upungue au uchelewe.

Ushahidi wa namna hiyo upo kwa panya wa maabara, ila unawahusu bakteria wa utumbo. Takriban robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka utumboni na viungo jirani kupitia mshipa mmoja mkubwa. Ini likiwa na makovu, ukuta wa utumbo nao huvuja zaidi, na vipande vya ngozi ya nje ya baadhi ya bakteria, vinavyoitwa lipopolisakaridi, hufika kwenye ini na kuamsha seli za kinga. Mchochota unaofuata, yaani hali ya mwili kuvimba na kuwaka moto, ukidumu kwa miaka, huyapa makovu na uvimbe nafasi ya kukua. Panya waliopewa antibayotiki za kupunguza bakteria wa utumbo walipata uvimbe mchache na mdogo zaidi. Angalia vizuri: katika maelezo haya si lazima bakteria mzima aweke makazi kwenye ini, vipande vyake vinatosha. Mwandishi wa sentensi yako amemhamisha bakteria kutoka utumboni hadi kwenye tishu bila kutaja ushahidi wa safari hiyo.

Ndiyo maana "zilizomo ndani ya" inahitaji kukaguliwa mara mbili. Kisarufi ni marudio, kwa kuwa -mo tayari ina maana ya ndani: andika "waliomo kwenye tishu" au "walio ndani ya tishu". Kimaana, -mo ni dai la mahali. Muulize mwandishi: ndani ya seli, baina ya seli, au ndani ya mishipa ya damu na ya nyongo inayopita humo? Kipimo cha DNA peke yake hakijibu hilo, na pia hunasa kwa urahisi masalia ya bakteria yaliyotoka kwenye kemikali za maabara au mikononi mwa wapimaji, hasa sampuli inapokuwa na bakteria wachache mno. Picha ya hadubini yenye rangi inayowashika bakteria palepale walipo huonyesha mahali. Bakteria akioteshwa kutoka kwenye sampuli, hapo ndipo unaweza kusema alikuwa hai. Kama kilichopatikana ni DNA tu, andika "DNA ya bakteria imeonekana kwenye tishu".

Jambo moja zaidi, kwa kuwa makala yenyewe bila shaka inalo: "uvimbe" hutumika kwa donge la saratani na pia kwa hali ya mwili kuvimba na kuwaka moto. Katika mada hii moja huweza kuzaa lingine, na msomaji atapotea. Tumia "uvimbe" kwa donge na "mchochota" kwa hali hiyo ya pili.

Sentensi yako, kwa ushahidi wa aina hii, inaweza kuwa: "DNA ya bakteria imeonekana kwenye tishu za ini zenye saratani, na majaribio kwa panya yanaonyesha kwamba bakteria wa utumbo huchangia ukuaji wa uvimbe." Imerefuka, lakini kila kitenzi kina ushahidi wake. Kwenye kichwa cha habari, ambako nafasi ni finyu, "wahusishwa" kinatosha.