Begi la Kambi Afunge Mwenye Safari

Likizo ndefu imekaribia na maswali ya kambi yamerudi. Nimechagua sita.

Mwanangu ana miaka tisa, anakwenda kambini wiki mbili, mara yake ya kwanza kulala mbali nasi. Nimfungashie nguo ngapi?

Usimfungashie. Kila mwaka najibu hivyo, na kila mwaka swali linarudi lilelile. Kambi imekupa orodha. Mpe mtoto aisome, atandaze vitu kitandani, apange yeye, wewe uhakiki tu. Aliyefungiwa begi na mama hajui soksi ziko wapi. Atashinda na fulana moja siku tano, na zile ulizopiga pasi zitarudi na mikunjo yake. Aliyepanga mwenyewe hulipata koti la mvua hata gizani. Kuhusu idadi, uliza kama wanafua. Wakifua katikati, nguo za siku nane zinatosha, ila chupi na soksi zizidi. Tia na mfuko wa nguo mbichi, la sivyo begi zima litanuka uvundo.

Lazima niandike jina kwenye kila kitu?

Kila kitu, hadi mswaki na kila soksi. Tumia wino usiofutika.

Nimnunulie viatu vipya vya kupandia mlima?

Kama atavivaa nyumbani wiki mbili kabla ya safari, sawa. Kama sivyo, aende na vya zamani. Malengelenge ya siku ya kwanza humkalisha chini wenzake wakitembea.

Ana pumu na humeza vidonge kila asubuhi. Niviweke mfuko wa pembeni?

Hapana! Mkabidhi nesi wa kambi mkononi, vikiwa kwenye pakiti yake ya awali yenye jina la mtoto, pamoja na maandishi ya kipimo na saa. Usivihamishie kwenye kopo jingine. Dawa ya kuvuta ya pumu ina utaratibu wake: kubaliana na kambi mapema iwe karibu naye, maana pumu ikibana hakuna muda wa kutafuta ufunguo wa kabati. Na nawasihi wazazi, msifiche maradhi kwa kuogopa mtoto asikataliwe. Hata kukojoa kitandani, mwambie msimamizi faraghani na uongeze shuka. Msimamizi asiyejua hawezi kumsitiri.

Krimu ya jua na dawa ya mbu, ipi itangulie?

Krimu, ikauke, ndipo dawa. Krimu irudiwe kila baada ya saa mbili na kila atokapo majini. Usinunue ile iliyochanganya vyote viwili, kwa sababu dawa ya mbu haitakiwi kupakwa mara nyingi kiasi hicho.

Kambi imekataza simu. Nimfichie moja, akizidiwa anipigie nije kumchukua?

Usifiche simu, na ahadi hiyo ni mbaya kuliko simu yenyewe. Ukimwambia "ukilia nitakuja", umemwambia kwamba hata wewe huamini kuwa ataweza. Usiku wa kwanza mgumu ataacha kutafuta marafiki, aanze kukungoja. Kulilia nyumbani ni kawaida, na kwa wengi hupungua siku zikisonga. Kabla ya safari, alale kwa bibi au shangazi siku mbili tatu bila kukupigia. Begini aweke bahasha zenye stempu na anwani ya nyumbani, na mdoli wake wa kulalia. Akiona haya mbele ya wenzake, amtie ndani ya foronya. Hakuna atakayemwona, na usiku mkono utamfikia.