Presha ya oili inaanguka mwisho wa kwota maili, ninunue drai sampu?

SWALI: Habari fundi. Niko Nakuru upande wa Lanet, niko na Subaru Impreza GC8, EJ20 ya turbo, na turbo yenyewe nimeongeza saizi kidogo. Jumatatu mpaka Ijumaa naenda nayo kazi Njoro, wikendi kukiwa na siku ya drag, zile mbio za kuvuta moja kwa moja kwota maili (mita 402), natoa kiti cha nyuma naenda kujipima. Juzi nimefunga geji ya oili na imenitoa jasho. Nikitoka laini iko sawa, karibu 70 psi, lakini nikimaliza mita 402 nikikanyaga breki inaanguka mpaka 15 hivi halafu inarudi. Rafiki anasema niweke pampu kubwa. Mwingine amenipatia drai sampu iliyotumika (ule mfumo unaoweka oili kwa tangi la kando badala ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini) kutoka Kirinyaga Road Nairobi, laki tatu na nusu na tangi lake. Nichukue? Injini bado haigongi.

JIBU: Weka hiyo laki tatu na nusu mfukoni kwanza halafu unijibu kitu kimoja. Ukikanyaga breki, klachi iko wapi? Kwa sababu kama umeikanyaga pia basi revu (mizunguko ya injini kwa dakika) zimeshuka mpaka karibu 900, oili ina moto, na 15 psi hapo ni kawaida kabisa, hauna ugonjwa. Mafundi wa zamani wanahesabu karibu 10 psi kwa kila revu 1,000. Lakini kama bado uko kwa gia, revu ziko 5,000 na geji inasoma 15, hapo beringi zinalia na wewe huzisikii. Mpe mtu simu akae kando yako arekodi geji na revu pamoja, mkifika nyumbani mtazame polepole.

Tuseme ni hiyo ya pili. Beba chai kwa sufuria ndani ya gari uone venye inafanya ukifunga breki. Breki kali na tairi nzuri inakaribia g moja, yaani nguvu sawa na uzito wa gari lenyewe, na kwa g moja uso wa oili unainama digrii 45, yaani oili yote imekimbilia mbele ya sampu na imepanda ukuta. Watu wengi wanaogopa kutoka laini, lakini gari ya barabarani na tairi za kawaida mara nyingi inafunga breki kwa nguvu kuliko inavyoondoka. Ongeza kwamba umetoka tu kuivuta mpaka revu 7,000, oili nyingi bado iko juu kwa vichwa, na vichwa vya Subaru vimelala ubavuni kwa hivyo oili hairudi chini haraka. Kidogo iliyobaki ndio hiyo imekimbia mbele, na mrija unaonyonya oili kutoka kwa sampu unanyonya hewa. Kwa revu 7,000 krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara 116 hivi kwa sekunde moja, fanya hesabu sekunde mbili ni ngapi.

Sasa hiyo pampu kubwa. Shida yako si nguvu ya kusukuma, shida ni hakuna oili mahali mrija unanyonya. Pampu kubwa itapeleka oili juu haraka zaidi na kumaliza sampu mapema. Nimeona mtu akiiweka akafurahia geji kupanda wiki mbili hivi, ya tatu akaja kwa kamba.

Mimi ningefungua sampu. Angalia ule mrija wa kunyonya, hasa pale umeunganishwa, hizi EJ zinajulikana kupasuka hapo. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele na oili inauficha, mimi wangu niliupangusa na petroli mara mbili kabla sijauona, na nilikuwa nimeshalaumu pampu, filta na hata oili yenyewe. Weka mrija ulioimarishwa. Halafu tafuta sampu yenye kuta ndani na vijimlango vinavyofunguka upande mmoja, oili inaingia kwa mrija lakini haitoki kwa urahisi, na trei chini ya krenki isichape oili. Ukimaliza hayo na bado geji inacheza, weka akyumuleta, ile silinda yenye pistoni ndani, oili upande mmoja hewa upande mwingine. Presha ikianguka inarudisha lita moja au mbili kwa injini, na zile sekunde zako zimepita. Tena asubuhi unaweza kuifungua kabla ya kuwasha, beringi zinaamka zikiwa na oili.

Drai sampu ni kitu tamu, sikatai. Porsche waliiweka kwa 911 tangu mwanzo, Chevrolet wakaiweka kwa Corvette Z06 ya 2006, na hizo ni gari za barabarani. Lakini zimejengwa nayo kiwandani. Yako itakuwa na pampu ya nje inayovutwa na belti, kila mawe na tope la njia yako ya Njoro likitafuta hiyo belti, na ikikatika presha inaisha papo hapo. Mipaipu mirefu, oili nyingi zaidi kila sevisi, na asubuhi ungoje ipate moto ndio uivute. Na ya kutumika? Kama injini ya mwenye nayo ilinoki, vyuma vyake viko ndani ya ile pampu na ndani ya tangi, vinakungoja. Siku utaweka slick, zile tairi za mbio zisizo na meno, na gari iwe ya drag peke yake, nitafute tena.

SWALI: Niko Kisumu na Probox, nimeambiwa nijaze oili nusu lita juu ya alama ndio presha isipotee kwa kona. Ni kweli?

JIBU: Hapana kaka. Krenki itaichapa mpaka ipate povu kama omo, na povu ni hewa, beringi haikai juu ya hewa. Simamisha gari mahali tambarare, zima, ngoja dakika tano, pima, na uimwage mpaka irudi kati ya alama mbili. Na hizo kona za Probox, wewe unabeba nini kwani?